Mbwa Ni Wako: Maswali ya Wafuga Mbwa wa Unyambwa

Kata ya Unyambwa imo ndani ya Manispaa ya Singida, lakini ukiiacha barabara hatua chache tu uko shambani: alizeti, uwele, mtama, zizi la miti, na mbwa aliyejinyoosha kwenye kivuli cha mkokoteni. Hana kamba wala banda. Mchana huandamana na vijana machungani, jioni hujisogeza karibu na mlango wa jikoni, usiku huzunguka zizi. Akimfukuza fisi, utasikia "mbwa wetu huyo". Akimng'ata mpita njia, ghafla anakuwa mbwa wa mtaa, hajulikani katokea wapi. Maswali yanayofuata ndiyo yanayomfikia bwana mifugo mara kwa mara, kwenye mkutano wa mtaa, mnadani, hata msibani. Mengi, ukiyachimba, yanaishia kwenye swali moja ambalo watu hawapendi kuulizwa: mbwa huyu ni wa nani?

Kuna faida gani kufuga mbwa, wakati mtaa mzima tayari wanao?

Mbwa wa jirani hulinda kwa jirani. Hilo la kwanza.

La pili ni fisi. Singida ni nchi ya majabali, na majabali ni makazi ya fisi. Wapo watakaokuambia kwamba baadhi ya fisi hao si fisi, ni usafiri wa mtu fulani anayefahamika. Mbwa hana muda na mjadala huo, huwabwekea wote. Usitegemee amuue fisi, hawezi, na akijaribu peke yake atararuliwa. Kazi yake ni kukuamsha wewe, uwashe tochi, utoke na wenzako. Ndiyo maana wafugaji wenye mbuzi wengi huweka mbwa wawili au watatu: mmoja akianza kubweka wenzake humuunga mkono, na fisi akisikia kelele za pande mbili hupunguza ushujaa.

Kisha kuna mambo ambayo hayaandikwi kwenye mahesabu ya zizi. Mbwa huijua pikipiki yako kati ya bodaboda zote zinazopita, na husimama njiani kabla mtoto hajasema "baba kaja". Humsindikiza mwanafunzi hadi mwisho wa shamba na kurudi mwenyewe. Kwa bibi aliyebaki peke yake baada ya wajukuu kuhamia Dodoma na Dar es Salaam, mbwa ni mtu wa kugombezwa, na nyumba ambayo hakuna wa kugombezwa inachosha. Halafu lipo suala la majina: Simba, Chui, Popi, na yale ya mafumbo ambayo jirani akisikia mbwa anaitwa jioni hujua kabisa kwamba anayeitwa si mbwa.

Anakula makombo ya ugali. Mbona mifupa inamtoka?

Ugali humshibisha lakini haumjengi. Mbwa anahitaji protini: dagaa kidogo, damu iliyochemshwa, utumbo uliopikwa, maharage yaliyoiva vizuri, mtindi uliobaki kwenye kibuyu. Maji safi kila siku, hasa kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza, wakati hata watu wanayapangia foleni. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, maana hupasuka vipande vyenye ncha na kumchoma utumbo.

Liko kosa moja linalofanywa na watu wenye nia njema kabisa. Mahindi au karanga zikiota ukungu, mama mwenye nyumba anasema, "Hizi si za watu, mpikieni mbwa." Ukungu ule hutengeneza sumukuvu, na ini la mbwa huihimili kidogo kuliko la mtu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, majirani zetu kabisa. Nchini India mwaka 1974, mahindi yenye ukungu yalipowaua wanavijiji, mbwa wa vijiji hivyo nao waliugua na kufa kwa ugonjwa huohuo. Nafaka iliyoharibika ifukiwe, asipewe mbwa wala kuku.

Sisi ni Waislamu. Inakuwaje kufuga mbwa?

Swali hili ni la sheikh kuliko bwana mifugo, lakini huulizwa, na jibu linalotolewa katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, linafahamika. Mbwa wa kulinda mifugo, wa kulinda shamba na wa kuwinda ameruhusiwa. Mate yake ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo familia nyingi humpa mbwa bakuli lake, humlaza nje, na mambo yanaenda. Hakuna mahali paliposemwa apigwe mawe kwa sababu ni najisi.

Nitamjuaje mbwa mwenye kichaa?

Watu wengi wanamsubiri mbwa wa kwenye michoro: povu, macho mekundu, anakimbia huku na huko aking'ata kila kitu. Huyo yupo, ila si yeye peke yake. Cha kutazama ni mabadiliko. Mbwa mkali anakuwa mpole ghafla na kukufuata kama mtoto. Mbwa mpole anajificha chini ya kitanda na kunguruma. Anang'ata mawe, vijiti, mnyororo wake mwenyewe. Sauti inakwaruza, kama imekauka. Anaacha kula, anatembea bila mwelekeo, miguu ya nyuma inalegea. Baada ya siku chache anapooza na kufa, kwa kawaida ndani ya siku 10 tangu dalili kuanza.

Aina ya hatari zaidi ni ile ya kimya. Taya la chini linalegea, mdomo unabaki wazi, mate yanachuruzika, hamezi. Mwenye mbwa anasema, "Kakwamwa na mfupa huyu," anakunja shati, anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Mfupa haupo. Mate yale yamejaa virusi, na mkono wa mkulima haukosi mchubuko. Jambo hilohilo hutokea kwa ng'ombe: anatoa udenda, analia kwa sauti isiyo ya kawaida, hamezi majani, na mchungaji anadhani amekwamwa na kiazi. Ukiona mnyama yeyote hamezi na anatoa udenda, usiingize mkono. Mfungie mahali, piga simu kwa afisa mifugo.

Ng'ombe aliyeshukiwa hivyo hachinjwi ili "kuokoa nyama", wala maziwa yake hayanywewi. Najua hasara hiyo inauma. Lakini anayechinja ndiye anayeshika kichwa, ubongo na mate, na kisu kikiteleza ameshajidunga.

Yapo pia mambo ya kusahau kabisa: kwamba kichaa huja wakati wa jua kali tu, kwamba mbwa jike hapati, kwamba mtoto wa mbwa hana. Mtoto wa mbwa anapata, na ndiye anayebebwa na watoto wote wa mtaa. Mbweha naye anapata, na fisi pia. Mbweha anayeingia uani mchana kweupe bila woga si mgeni wa kuchezewa.

Nimeng'atwa. Nianzie wapi, zahanati au nyumbani?

Anzia kwenye maji, hapohapo. Maji mengi na sabuni, ya mche inatosha, dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyofikiri: ni kopo baada ya kopo hadi ndoo iishe, na nyingine ianze. Hata Septemba, maji yakiwa ya kununua, haya si ya kubania. Kirusi cha kichaa kimevikwa ganda la mafuta na sabuni hulivunja, kwa hiyo unachofanya pale bombani ni tiba yenyewe, si usafi tu. Ukipata spiriti au iodini, paka baada ya hapo. Usipake majivu, pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya kienyeji, na kidonda kisikimbiliwe kushonwa kabla mtaalamu hajaamua.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Si baada ya kuuza kuku, si Jumatatu. Kituo cha karibu kisipokuwa na chanjo, omba uelekezwe ilipo, na mara nyingi itakuwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Singida mjini. Chanjo hutolewa kwa awamu, na ratiba mojawapo inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni siku ya kwanza, siku ya 3 na siku ya 7 baada yake. Ipo mirefu zaidi, na kituo kitakuandikia yao. Kidonda kikiwa kirefu, au kikiwa usoni, kichwani au mikononi, kuna dawa nyingine ya kingamwili inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Wanaoacha katikati baada ya sindano ya kwanza kwa sababu "kidonda kimeshapona" ndio wanaotuumiza moyo. Kupona kwa ngozi hakuhusiani na kirusi, kwani chenyewe kinasafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo.

Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi 1 hadi 3. Inaweza kuwa wiki, inaweza kufika mwaka. Aliyeng'atwa usoni ana muda mfupi kuliko aliyeng'atwa kwenye kifundo cha mguu, na mtoto, kwa kimo chake, hung'atwa juu. Dalili zikishaanza, mgonjwa akaogopa maji na hata upepo wa mlango, hakuna hospitali duniani yenye dawa ya kutegemewa. Mikono ya madaktari inakuwa imefungwa. Kabla ya hapo, chanjo ikipatikana mapema na kukamilishwa, karibu kila mtu hupona. Mtu wa kwanza kuchanjwa alikuwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, huko Paris tarehe 6 Julai 1885, na aliyesimamia alikuwa Louis Pasteur. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na ndiyo sababu Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe hiyo.

Mchubuko mdogo uliotoka damu kidogo? Nenda. Kulambwa kwenye kidonda kibichi? Nenda pia.

Chanjo ya mbwa inapatikanaje, na ni kweli inasaidia au ni kutafuta hela tu?

Mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata. Kila inapokaribia Septemba 28 halmashauri nyingi huendesha kampeni, na mara nyingi siku hizo chanjo ni bure. Katika kampeni watoto wa mbwa nao huchanjwa, hata walio chini ya miezi 3, kwa hiyo msiwaache nyumbani mkidhani hawahusiki.

Aliyewahi kuhudhuria kampeni anajua vurugu zake. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa kamba maishani anaburutwa na mtoto wa darasa la nne kwa kipande cha manila, anakutana na adui zake wote wa mtaa kwenye foleni moja. Mzoesheni kamba wiki moja kabla. Na aje na mtu mzima anayemtii, si mtoto. Akiwa mkali, chukua kipande cha kanga kuukuu chenye urefu wa mkono, fanya kitanzi, kipitishe juu ya pua, kaza, vusha ncha chini ya kidevu, kisha zifunge nyuma ya masikio. Atalalamika kwa macho tu. Sindano yenyewe inapita kabla hajajua.

Kama inasaidia? Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na kwa Tanzania makadirio ya muda mrefu ni karibu 1,500. Kati ya vifo 100, 99 vinatokana na mbwa. Wilayani Serengeti, mbwa wa vijijini walipochanjwa kuanzia mwaka 1996, kichaa kwa mbwa kilishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya ya pili, na idadi ya watu wanaong'atwa ikashuka nayo. Siri ni kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja na ushee, hata wawili hawafiki. Ukichanja 7 kati ya kila 10, ugonjwa hukosa pa kwenda. Lakini ukilegea, unarudi. Pemba waliufuta kwa kuchanja, ukaingia tena mwaka 2016, wakaanza upya hadi ukaisha.

Kuna wanaosema chanjo haiwezi kufika huku kwa sababu ya kukosa jokofu. Hoja hiyo imepungua nguvu: watafiti waliofanya kazi hapa Tanzania walionyesha kwamba chanjo mojawapo ya kichaa cha mbwa ilihifadhi nguvu yake hata baada ya kukaa miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, na kimeshabuniwa chombo cha kuipoozea cha udongo kinachotengenezwa hapahapa nchini. Mtu aliyekunywa maji ya mtungi hatashangaa.

Si rahisi zaidi kuwaua hawa mbwa wazururaji?

Ni rahisi, na imefanywa sehemu nyingi, kwa risasi na kwa sumu. Haikumaliza kichaa. Ukiua mbwa 10 mtaani, nafasi yao na makombo yao hayafi. Ndani ya mwaka jike mmoja aliyebaki amezaa, na wenye nyumba wameleta wengine kutoka kijiji cha pili, wasiochanjwa. Mara nyingi waliokufa ni wale watulivu wanaosogelea watu, tena waliokwisha kuchanjwa. Sumu nayo haichagui: kuku, nguruwe, na siku nyingine mtoto.

Na tuambiane ukweli kuhusu neno mzururaji. Tafiti za vijijini hapa nchini zimeonyesha mara kwa mara kwamba mbwa wengi mno tunaowaona njiani wana wenyewe. Wana nyumba wanayolala na jina wanaloitikia. Anayezurura ni mwenye mbwa, kwa kukwepa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 zote zinamtambua mmiliki na wajibu wake, na kumlisha mbwa mlangoni kwako kila jioni ni ushahidi ambao mtaa mzima unao.

Minyoo ya mbwa inatuhusu?

Sana, hasa siku za kuchinja. Ini au pafu la mbuzi likikutwa na malengelenge yenye maji, desturi ni kulirusha nje, na mbwa hulidaka kabla halijagusa ardhi. Ndani ya malengelenge yale mna vichwa vya tegu mdogo. Mbwa akila, tegu anakomaa tumboni mwake bila kumuumiza, mayai yanatoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya, mtoto anampapasa mbwa kisha anakula bila kunawa. Miaka baadaye mtu huyo ana lengelenge kwenye ini lake mwenyewe, na kuliondoa ni upasuaji. Sehemu zenye malengelenge zifukiwe kwa kina au zichemshwe vya kutosha. Mbwa apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3, na umtaje tegu unapoinunua, kwa kuwa si kila kidonge kinamuua. Kupe na viroboto: mwogeshe kwa dawa ya kuogesha mbwa, kwa kipimo cha mbwa. Dawa ya josho la ng'ombe ikikorogwa kwa kukisia imeshaua mbwa wengi.

Watoto wetu tuwafundishe nini?

Kati ya kila watu 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Waambiwe hivi: mbwa anayekula haguswi, mbwa aliyelala haamshwi kwa mguu, jike mwenye watoto hasogelewi, mbwa wa mgeni hachezewi. Mbwa akiwajia mbio wasikimbie, wasimame kama mti, mikono mwilini, macho chini, hadi achoke kunusa. Na la muhimu kuliko yote, mtoto aking'atwa aseme. Wengi huficha kwa kuogopa fimbo, kwa sababu walikuwa wanamchokoza. Asichapwe kwa kusema.

Jike wangu anazaa kila mwaka watoto sita au saba. Nifanyeje?

Mimba ya mbwa ni kama siku 63, kwa hiyo jike asiyezuiwa anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kuwatupa porini kwenye kiroba ni ukatili, na wanaosalimika hurudi kama mbwa wasio na mtu. Mwenye uwezo amfungishe kizazi kwa daktari wa mifugo, dume ahasiwe. Asiyeweza amfungie ndani akiwa kwenye joto, takriban wiki tatu, na avumilie kelele za madume uani.

Mbwa wangu amemng'ata mtoto wa jirani. Tutagombana?

Inategemea saa mbili za mwanzo. Usimuue mbwa, usimfiche, wala usiseme "huyu si wangu". Msaidieni mtoto kuoshwa kidonda, toeni nauli ya kwenda hospitali bila kusubiri kuombwa, na kama mbwa ana kadi ya chanjo nendeni nayo, kwani daktari ataiuliza. Mtoto aanze sindano siku hiyo hata kama kadi ipo. Mjulisheni mwenyekiti na afisa mifugo. Mbwa afungwe kwa mnyororo imara au kwenye chumba, apewe chakula na maji kwa mbali, atazamwe siku 10. Akifa au akiuawa ndani ya siku hizo, msimzike: afisa mifugo atachukua kichwa kipelekwe maabara ya veterinari, na msimguse kwa mikono mitupu.

Mbwa akiwa bado anakula, anakunywa na anabweka kama kawaida baada ya siku ya 10, hakuwa na kichaa siku ile aliyong'ata, na hospitali inaweza kusitisha sindano zilizobaki. Mambo ya fidia, dawa na siku za kazi zilizopotea mnaweza kuyakalia kwa mwenyekiti baada ya hapo. Baba mwenye mbwa aliyelipa nauli siku ya kwanza huwa hakalishwi muda mrefu.